Diski Ilikosea, Mama wa Chama Akaitwa Mwizi

Leo sina mchezo. Leo tunaongea kuhusu kimya. Si kimya cha wanasiasa wakishachaguliwa, hicho tumezoea. Nasema kile kimya cha kompyuta ukishabonyeza kusevu. Kamstari kanajaa pale chini ya skrini, kanapotea, na wewe unajiambia "imeingia". Unazima, unaenda nyumbani.

Imeingia wapi? Nani amekuambia?

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ndio mtu asiseme naongea vitu sijapitia.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea kompyuta, karo ikakataa, nikarudi Kitale, nikapata kazi kwenye saiba moja mtaani. Mashine zilikuwa sita. Nne za afadhali, na mbili za kizee zenye Windows XP, za kuandikia barua na CV kwa bei nafuu. Microsoft waliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014. Sisi tuliendelea nayo kwa sababu ilikuwa inawaka, na kitu kikiwaka huku kwetu hakitupwi.

Kulikuwa na mathe mmoja wa Kiminini, katibu wa chama chao. Wanachama wengine wako huku, wengine Bungoma. Kila mwezi alikuja na flashi yake na daftari lake, anaketi kwenye mashine ya bei nafuu, ananiita, "Kijana wangu, nifungulie ile Excel." Anaingiza nani ametoa ngapi, nani amekopa, nani bado. Na pesa ya chama si mchezo. Ndani yake kuna karo, kuna mbolea, kuna matanga. Mwanzoni alikuwa akiweka kila daftari likijaa. Ni mimi nilimwambia, "Mama, wachana na makaratasi, si iko kwa kompyuta." Akanisikiza. Madaftari ya zamani akayawashia moto wa jikoni.

Siku moja alimaliza, akasevu, kamstari kakajaa, kakapotea. Akachomoa flashi. Pale kwenye kona, karibu na saa, kakatokea kakisanduku ka njano. Windows ilikuwa inasema, kwa Kiingereza, kwamba imeshindwa kuhifadhi data yote ya ile faili, na kwamba data imepotea.

Unajua nilifanya nini? Nilibonyeza X.

Nilibonyeza X kwa sababu vile visanduku vya njano vilitokea siku nzima. Antivairasi imezeeka. Kuna aikoni hazijatumika. Waya wa mtandao umechomoka. Vyote vinakaa kona ile ile, rangi ile ile. Nilikuwa nimezoea kuvifunga bila kusoma. Mathe akalipa, akaniambia Mungu akubariki, akaenda.

Wiki hiyo hiyo alipanda matatu kwenda mkutano Bungoma. Kamukuywa, Misikhu, Webuye, flashi imefungwa kwa fundo la leso. Walikuwa wanafunga mwaka, mwezi wa kugawana. Wakaingia saiba moja upande wa Kanduyi waprinti hesabu ili kila mtu aone yake. Jina la faili lilikuwepo. Ukubwa: KB 0. Miezi kumi na saba ya pesa za watu, sifuri.

Hakuna mtu kwenye ule mkutano aliyesema "diski imekosea". Watu walisema, "Mbona imepotea mwezi wa kugawana?" Mwingine akasema, "Mimi nilijua." Mama wa watu, mwenye hajawahi kula shilingi ya mtu, akarudi Kiminini akiwa mwizi.

Najua mtu tayari anaandika jibu. "Alichomoa bila kueject, alaumiwe yeye." Mwingine: "Angekuwa na bakapu." Tulia. Nitafika kwenu. Kwanza nieleze vile hii kitu hufanya kazi.

Ukibonyeza kusevu, programu yako haigusi diski. Inauita mfumo wa uendeshaji, yaani Windows au Linux au chochote ulicho nacho, na kuukabidhi data. Mara nyingi mfumo unaiweka kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, kisha unarudi kwa programu na kusema "nimepokea". Diski yenyewe itaandikwa baadaye, mfumo ukipata nafasi. Sababu ni kwamba diski ni polepole na RAM ni ya haraka, na hakuna mtu anapenda kungoja.

Chukua mahindi, si tuko Trans Nzoia. Umepeleka lori lako depo. Pale getini mtu anakuandikia risiti: magunia 100 yamepokelewa. Unaenda zako unafurahi. Lakini lori bado liko kwa foleni. Halijapanda mzani, unyevu haujapimwa, hakuna gunia limeshuka. Usiku mvua inanyesha, turubai linavuja, mahindi yanaharibika. Asubuhi unarudi na risiti yako, na yule wa getini anakuambia, "Mimi nilisema nimepokea. Sikusema nimeweka stoo."

Hakuna mkulima wa Kitale angekubali risiti ya aina hiyo. Angeita watu. Lakini kwa kompyuta tunaikubali kila siku, na mahindi yakioza tunamlaumu mkulima.

Na msidhani hii ni siri imegunduliwa juzi. Ken Thompson, mmoja wa walioanzisha Unix kule Bell Labs mwaka 1969, aliandika mwaka 1978 maelezo ya jinsi Unix ilivyojengwa ndani. Humo alikiri wazi kwamba, kwa sababu diski huandikwa baadaye, kuripoti kosa kwa njia yenye maana karibu haiwezekani, na kwamba Unix ilichukulia makosa ya diski kiwepesi. 1978! Fikiria ni kwa nini. Diski inakosea sekunde kadhaa baada ya programu kusema kwaheri. Programu imeshafunga, imeenda. Utampasha nani habari? Kwa hiyo habari ikakosa mwenyewe, na kwa mifumo mingi ya zamani ikaishia kwa mstari mmoja kwenye skrini ya msimamizi, mahali mathe wa Kiminini hatawahi kufika.

Sasa linganisha na DOS, ile ya skrini nyeusi ambayo mpaka leo watu huifanyia vichekesho. DOS ikishindwa kusoma au kuandika ilisimamisha kila kitu na kukuuliza: "Abort, Retry, Ignore?" Katiza, jaribu tena, ama puuza? Watu waliichukia. Kweli ilikuwa na ukali wa mwalimu wa zamu. Lakini ilikuambia, na ilikuambia hapo hapo, ukiwa bado umeketi, kazi ikiwa bado iko mikononi mwako. Haikutoroka kwenda kona kunong'ona kwa rangi ya njano.

Sisemi DOS ilikuwa malaika. Ilikuwa na shimo lake, na ndilo shimo ambalo makoda wengi waliangukia. Programu ikiomba "niandikie baiti 1,000" na diski ijae katikati, DOS haikupandisha alama ya kosa. Ilirudisha namba tu: nimeandika 600. Kazi ya kulinganisha 1,000 na 600 iliachiwa mwandishi wa programu. Kama aliangalia alama ya kosa peke yake, aliona mambo ni shwari. Baiti 400 zimeenda, na skrini inatabasamu. DOS pia ilikuwa na amri inaitwa VERIFY, ya kuhakikisha kilichoandikwa kimeandikwa sawa. Ilikuja ikiwa imezimwa. Ulinzi upo, lakini lazima ujue kuuomba. Hiyo ndiyo tabia ninayopigana nayo.

Na hapa ndipo nataka kuongea na makoda wenzangu, nyinyi wa Kibabii, wa Eldoret, wa Nairobi, na nyinyi mnaojifunzia kwa simu kama mimi sai.

Chuoni nilifundishwa kuandika faili kwa hatua tatu. Fungua kwa fopen, andika kwa fprintf, funga kwa fclose. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, tukafanya mtihani, tukapita. Kila moja ya hizo tatu hurudisha jibu. Inakuambia imeweza ama imeshindwa. Hakuna siku tuliambiwa tulisome hilo jibu. Ni kama kumtuma mtoto dukani, arudi, na umfungie mlango usoni kabla hajakuambia kama unga ulikuwepo.

Mnadhani natia chumvi? Jaribuni wenyewe. Linux iko na faili ya ajabu inaitwa /dev/full. Kazi yake ni moja: ukijaribu kuiandikia, inakujibu kwamba nafasi imeisha. Chukua ile programu ya kwanza ya C ambayo kila mwanafunzi huandika, ile ya kusalimia dunia, uelekeze matokeo yake huko. Hakuna herufi hata moja itaandikwa popote. Halafu uliza programu imemalizaje. Itakujibu: salama, kosa sifuri. Programu ya kwanza tunayofundishwa maishani inadanganya, na tunapewa maksi zote.

Watu wa GNU waliliona hili zamani wakashughulika. Zile programu zao ndogo ndogo kama cat na ls, kabla ya kutoka, hufunga njia ya matokeo na kusoma jibu. Elekeza cat kwa /dev/full leo, italalamika kwa sauti na itatoka na alama ya kosa. Kumbe inawezekana. Kumbe ni mistari michache tu. Hata mwongozo wa Linux kuhusu close, ile amri ya kufunga faili, unasema mwandishi makini huangalia jibu lake, na kwamba hata close ikifaulu si hakikisho data imefika kwa diski. Ukitaka hakikisho uite fsync, amri ya kusema "usinijibu mpaka diski ikubali", na jibu lake pia ulisome.

"Hayo ni mambo ya wanafunzi," mtasema, "wakubwa wanajua." Wakubwa? PostgreSQL ni moja ya hifadhidata zinazoheshimiwa zaidi duniani. Mwaka 2018, Craig Ringer, mmoja wa wanaoijenga, alileta kesi kwa wenzake. Kwenye Linux, fsync ikishindwa, kosa linaweza kuripotiwa mara moja tu, kisha mfumo unaichukulia ile data kama safi. PostgreSQL ilikuwa ikipata kosa, inajaribu tena, mara ya pili inaambiwa "sawa", na inaamini. Data haikufika popote. Kwa takriban miaka 20 waliitegemea fsync kwa njia ambayo haikuwa salama. Wakarekebisha Februari 2019. Siku hizi fsync ikishindwa, PostgreSQL inajiangusha makusudi, kisha inajijenga upya kutoka kwa kumbukumbu zake. Iliamua ni heri ianguke mbele ya watu kuliko isimame ikidanganya.

Rudia hiyo sentensi. Ni heri ianguke mbele ya watu kuliko isimame ikidanganya. Mimi ningeichora kwa ukuta wa kila darasa la kompyuta Kenya hii.

Sasa nije kwa wale wa "alichomoa bila kueject".

Ndiyo, alichomoa. Alichomoa kwa sababu skrini ilikuwa imemaliza kumwonyesha kwamba kazi imeisha. Kamstari kalijaa. Kakapotea. Kwa akili ya kawaida ya binadamu, hiyo ni ishara ya "tayari". Kama bado haijawa tayari, kwa nini umeonyesha tayari? Huwezi kumfungulia abiria mlango wa matatu, akanyage chini, halafu useme kosa ni lake kwa sababu gari lilikuwa bado linatembea. Aliyefungua mlango ndiye ajibu.

Na wale wa bakapu. Bakapu ni nzuri, nami nitawaambia mfanye. Lakini sikilizeni shida ilipo. Bakapu inakusaidia ukijua kuna kitu kimeharibika. Faili ikiharibika kimya kimya, utanakili uharibifu. Utakuwa na sifuri mbili badala ya moja. Kugundua kosa ndiko kunakuja kwanza, kisha kuripoti, kisha bakapu. Ukiruka mbili za mwanzo, ya tatu ni maombi tu.

Kuna hoja ya tatu, na hii naiheshimu: "Kungoja diski kila mara kutafanya mashine iwe polepole." Ni kweli. Mimi sijasema kila herufi ingojewe. Andika kwa RAM, endelea na maisha. Lakini ile dakika mtu amebonyeza kusevu kwa mkono wake, amesema kwa kinywa chake "hii ni muhimu", hiyo dakika moja mngojee. Muonyeshe "bado naandika, usichomoe". Sekunde mbili. Huyu mama amengoja matatu ijae Kiminini nusu saa. Sekunde mbili hazitamuua.

Na hoja ya nne, ambayo ni yangu dhidi yangu mwenyewe: "Si onyo lilitokea, wewe ukalifunga?" Lilitokea. Na sehemu ya hili kosa ni langu, nitalibeba. Lakini onyo linalokuja mahali pa upuuzi, kwa sura ya upuuzi, kwa lugha ambayo mwenye mali haisomi, ni kama halijakuja. Kuripoti si kutamka tu. Kuripoti ni kuhakikisha mwenye kuhusika amepata. Kama habari njema ulimpa katikati ya skrini, habari mbaya usimfichie kwa kona. Na kama mtumiaji ni Mkenya, Kiswahili kipo. "Faili yako HAIJAHIFADHIWA. Usifunge. Hifadhi mahali pengine." Maneno saba. Mathe angesoma mwenyewe, hangenihitaji mimi.

Sisi Wakenya tunajua kuripoti kosa tukiamua. Tarehe 7 Juni 2016 stima ilipotea nchi nzima. KenGen wakatoka wakatuambia sababu: tumbili ameangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru. Tulicheka wiki mzima. Lakini angalia vizuri. Kosa lilitokea, likatafutwa, likapatikana, likatajwa kwa jina, taifa likaambiwa. Tumbili alipata ripoti kamili. Miezi kumi na saba ya jasho la akina mama haikupata. Na tukiwa hapo kwa stima: kila ikipotea, kama ile ya nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, chochote kilichokuwa bado kiko RAM kinaenda nayo. Hizi mashine za zamani ambazo ziko kwa saiba na shule zetu, bila betri, bila UPS, ndizo zinalipa bei ya kile kimya. Mtu wa laptopu mpya, faili zake zikijinakili mtandaoni, hata hajui ninaongea kuhusu nini. Uongo wa programu unamuuma zaidi yule mwenye nakala moja tu.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho kinathibitisha kwamba watu wetu si wajinga. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Nenda soko la Chwele leo, ununue kitu, umwonyeshe muuzaji simu yako imeandika umetuma. Atakuangalia tu. Anangoja simu YAKE ilie. Haamini aliyetuma, anaamini aliyepokea. Hakuna profesa aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuumia, ama kwa kuona jirani akiumia.

Hiyo ndiyo sheria yote ya kuandika kwa diski. Uthibitisho utoke upande wa kupokea. "Nimetuma" si "imefika". Muuza nyanya anajua hilo, halafu mtu ana digrii ya kompyuta na programu yake inasema "imehifadhiwa" kwa sababu imetuma.

Hata KNEC hawaamini diski peke yake. Mtihani wa vitendo wa kompyuta kwenye KCSE, mtahiniwa anahifadhi kazi kwa CD au kifaa cha kuhifadhia, na anatakiwa pia akabidhi karatasi alizoprinti. Mashahidi wawili. CD ikikataa kufunguka, karatasi inaongea. Baraza la mitihani linajua diski huweza kunyamaza, lakini kwenye shule ngapi mwanafunzi huambiwa sababu?

Basi tufanye nini? Sitawaacha na hasira tupu.

Wewe mwenye saiba, ama kijana unayekaa pale kaunta kama nilivyokaa mimi: mteja akimaliza, usimwache achomoe flashi. Funga faili, toa flashi kwa utaratibu, kisha ichomeke tena na uifungue faili mbele yake, ikiwezekana kwa mashine nyingine. Ile mashine ya kwanza inaweza kukuonyesha nakala iliyo kwa RAM na ukadhani unaona ya flashi. Angalia ukubwa. KB 0 ni msiba, ujulikane akiwa bado mlangoni. Na zile flashi za bei ya kutupa, zinazojiita GB 64, zipime kwanza. Kuna flashi bandia ambazo zimeandikwa ukubwa wa uongo: zinakubali kila kitu bila kulalamika, na ukishapita ukubwa wake wa kweli, data inapotea ama inaandikwa juu ya nyingine. Programu ya bure kama H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux itaijaza flashi nzima, kisha isome tena kila kitu na kulinganisha. Hiyo ndiyo namna ya kumuuliza shahidi.

Wewe koda: soma jibu la kuandika. Linganisha ulichoomba na kilichoandikwa. Soma jibu la kufunga. Ita fsync kwa vitu vya maana, na ikishindwa usijidanganye kwa kurudia tu. Usiandike juu ya faili ya zamani. Andika mpya pembeni, hakikisha imekaa, ndipo ubadilishe jina. Kama Excel ya mathe ingeacha ile ya mwezi uliopita hai mpaka mpya ikae kwa flashi, angepoteza mwezi mmoja, si kumi na saba. Na ukikosa, sema. Sema kwa sauti, kwa lugha ya mtu, kabla hajainuka kwa kiti.

Wewe wa sacco, wa shule, wa zahanati, unayeuziwa programu na kijana wa tai: kabla hujalipa, mwambie ajaze diski mpaka pomoni halafu asevu rekodi mpya. Mwambie achomoe waya katikati ya kusevu. Halafu utazame skrini. Kama inaendelea kutabasamu, mrudishie tai yake na programu yake.

Mnataka kujua mathe alifikia wapi. Nilisikia habari baada ya wiki mbili, nikaenda Kiminini mwenyewe. Nilimwambia mbele ya mume wake na wanachama watatu kwamba onyo lilitokea na nikalifunga. Walinitazama kama mtu anayemfunika mwizi mwenzake. Tulikaa wikendi tatu tukikusanya meseji za M-Pesa kutoka simu za watu, mmoja mmoja, tukijenga hesabu upya kwa daftari. Za M-Pesa zilipatikana karibu zote. Za pesa taslimu, neno la mtu dhidi ya neno la mtu mwingine. Walio na roho nzuri wakasema yaishe. Walio na roho ingine bado wanasema.

Cheo cha ukatibu alikiacha. Siku ya mwisho aliniambia, "Kijana wangu, mimi kompyuta sikuijua, niliamini tu vile ilinyamaza."

Mimi ile kazi ya saiba niliacha pia. Lakini yale makisanduku ya njano, sai nikiyaona kwa mashine ya mtu yeyote, nasimama nasoma mpaka mwisho.